Programu Imekwama Play Store: Fuata Dalili Mpaka Ufike Kwenye Chanzo

Saa mbili usiku simu ililia. Alikuwa mama mmoja anayeuza omena katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, mteja wa programu yangu ya daftari la mauzo.

"Mwanangu, hii kitu yako ilichukua mia mbili yangu Jumatatu. Nimeitumia vizuri, leo imenifungia daftari. Halafu naona pesa zimerudi. Kwani mmenifukuza?"

"Hapana mama, hakuna aliyekufukuza. Nipe usiku huu nitazame."

Nilidhani ni mtandao wa sokoni. Kumbe msimbo wangu ulikuwa umepokea pesa na kumfungulia huduma, lakini haukuwahi kuliambia duka kwamba mteja amepewa alicholipia. Google Play husubiri taarifa hiyo siku 3. Isipofika, duka huhesabu kwamba mteja hakuhudumiwa, linamrudishia pesa na kuufuta ununuzi.

Tangu usiku ule, kila kijana anaponiletea programu iliyokwama naanza na swali moja: nani hakuambiwa nini? Duka halijui ulichokusudia. Linajua ulichojaza kwenye fomu, kilichoandikwa katika manifesti (faili la programu linalotaja ruhusa na vifaa inavyovihitaji), na seva yako ilichojibu. Mkaguzi, mfumo wa malipo na simu ya mteja, kila mmoja huamua kwa alichoambiwa tu. Karibu kila tatizo lililo hapa chini linatoka huko, ndiyo maana mtu anaweza kuukagua msimbo wiki nzima asione kosa.

Pesa inaingia, siku ya tatu inarudi

Tazama kwanza ni wateja wangapi. Wakirudishiwa wote bila kubagua, basi hatua ya kukiri ununuzi, yaani kuliambia duka kwamba mteja amepewa alicholipia, haimo kabisa kwenye msimbo wako. Wakirudishiwa baadhi tu, hatua ipo ila haifiki kila mara. Mimi nilikuwa kundi la pili.

Kumbukumbu za seva zilinionyesha kilichotokea kwa yule mama. Saa 12:41 jioni alilipa. Dakika hiyo hiyo programu ikafungwa: alikuwa anafunga kibanda, akaitia simu mfukoni mwa aproni. Ombi la kukiri ununuzi lilikuwa njiani likakatika. Kesho yake alipofungua, programu iliona kuna ununuzi, ikamfungulia daftari, lakini haikuuliza kama ununuzi huo ulishakiriwa. Hivyo hivyo Jumatano. Nilikuwa nimeiweka hatua ya kukiri kwenye ukurasa wa malipo peke yake, mahali ambapo mteja hukaa sekunde chache tu maishani mwake.

Dawa yake ni mbili, na zote zinahitajika. Kwanza, kila programu inapofunguliwa au kurudi mbele ya skrini, iulize duka orodha ya ununuzi wa mteja na ikiri wowote ambao haujakiriwa. Pili, ihamishie kazi hii kwenye seva. Programu ipeleke tokeni ya ununuzi (alama ya pekee ambayo duka hutoa kwa kila ununuzi), seva ihakiki na Google kwamba malipo yamekamilika, iandike jina la mteja, itoe huduma, kisha ikiri. Seva haiishiwi bando, wala haitiwi mfukoni mwa aproni.

Hapa Kenya kuna jambo la kuongeza. M-Pesa inakubaliwa kulipia Google Play tangu 2018, na wateja wetu wengi hawana kadi ya benki. Mteja akitumia njia ya malipo isiyokamilika papo hapo, ununuzi hukaa katika hali ya kusubiri. Usitoe huduma wakati huo. Zile siku 3 huanza kuhesabiwa malipo yanapokamilika, si mteja anapobonyeza. Programu isiyoijua hali ya kusubiri hufanya mojawapo ya makosa mawili: hugawa huduma bure kwa mtu ambaye hatalipa kamwe, au humwambia aliyelipa kwamba malipo yameshindikana, naye akalipa tena.

Ukitaka kuyaona haya bila kusubiri siku 3, weka barua pepe yako katika orodha ya wenye leseni ya kujaribu ndani ya Play Console, tovuti ya Google ambako msanidi husimamia programu zake. Kwa hao, ununuzi usiokiriwa hurudishwa baada ya dakika 3. Utapewa pia kadi za majaribio, ikiwemo inayochelewa kisha ikakubali na inayochelewa kisha ikakataa. Zijaribu zote mbili. Na usishtuke usajili wa kila mwezi ukijirudia kila dakika 5, kwa wajaribu muda umefupishwa makusudi.

Dalili iliyo ndugu na hii: mteja ananunua mara ya kwanza vizuri, mara ya pili anaambiwa tayari anaimiliki bidhaa. Hiyo ni bidhaa ya kutumika na kwisha, kwa mfano kifurushi cha ujumbe 50, ambayo umeikiri lakini hujaitangaza kuwa imetumika. Duka linaamini bado anayo.

Mkaguzi anasema hakuweza kuingia

Hii huwavunja moyo vijana kuliko nyingine yoyote, kwa sababu programu inafanya kazi kwenye simu ya kila mtu wanayemjua.

Fikiria programu zetu zinavyofunguliwa: weka namba ya simu, subiri tarakimu sita kwa SMS, ingia. Mkaguzi wa Google hayuko Kondele, hapa Kisumu. Hana laini ya Kenya, ya 07 wala 01. Anafika kwenye ukurasa wa kwanza, anakosa njia, anaandika kwamba ameshindwa kuikagua, na wewe unapokea barua ya kukataliwa. Hajaona hata ukurasa mmoja wa kazi yako.

Katika Play Console kuna sehemu ya kueleza jinsi ya kuingia. Tengeneza kwenye seva yako namba moja ya majaribio ambayo tarakimu zake za siri hazibadiliki wala haziishi muda, uziandike hapo. Akaunti hiyo ijaze data: mauzo ya wiki mbili, wateja watano, deni moja. Mkaguzi akiingia kwenye kurasa tupu anaweza kudhani programu haina kitu. Maelekezo yaandike kwa Kiingereza chepesi, hatua kwa hatua, na kama vitufe vyako ni vya Kiswahili au Dholuo, taja neno lenyewe lililoandikwa kwenye kitufe ili alitambue kwa macho.

Kisha angalia seva. Kuna kijana aliyekuwa amefanya yote haya akakataliwa mara tatu. Tulipokaa pamoja tukakuta amefunga maombi yote yanayotoka nje ya Kenya, kwa sababu za usalama. Alikuwa amempa mgeni ufunguo wa mlango, akalifunga geti.

Inakataliwa kwa sababu ya kusoma SMS

Wazo la kusoma ujumbe wa M-Pesa ili programu ijaze mauzo yenyewe ni zuri sana, nami nalielewa, maana hakuna muuzaji anayetaka kunakili miamala kwa mkono akiwa na foleni mbele yake. Lakini tangu Januari 2019 ruhusa za SMS na kumbukumbu za simu zimebanwa. Kwa kawaida hupewa programu ambayo mtumiaji ameichagua kuwa ndiyo yake kuu ya ujumbe au simu. Kuna misamaha, na mmoja unahusu programu zinazofuatilia matumizi ya pesa kupitia SMS. Msamaha huo huombwa kwa fomu ya tamko, pamoja na maelezo ya kwa nini kazi kuu ya programu haiwezekani bila ruhusa hiyo. Kusoma SMS kukiwa pambo tu ndani ya programu ya kuagiza mboga, usipoteze muda wako.

Ushauri wangu ni kuachana na ruhusa hiyo kama muuzaji ana Till au Paybill, yaani namba ya biashara ya kupokelea M-Pesa. Kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, seva yako inaweza kupokea taarifa ya kila malipo moja kwa moja. Husomi ujumbe wa mtu, na huna mzigo wa kulinda SMS zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kama umeshaiondoa ruhusa na bado unakataliwa, kuna sehemu mbili za kuchungulia. Ya kwanza ni maktaba ulizoziingiza, yaani msimbo ulioandikwa na wengine: maktaba inaweza kuleta ruhusa yake bila wewe kuiandika, kwa hiyo isome manifesti ya mwisho iliyounganishwa, si ile uliyoiandika kwa mkono wako. Ya pili ni matoleo ya zamani. Toleo la majaribio la mwaka jana, kama bado liko hai kwenye njia ya majaribio, duka linalikagua pia. Hili limewasumbua wengi ninaowajua: wanatuma toleo safi mara nne huku lile chafu likiwa limelala pembeni.

Programu ya chama inageuzwa kuwa ya mikopo

Chama chetu cha kawaida huku hukusanya michango, hupeana zamu, na hukopeshana kidogo kidogo. Ukitengeneza programu ya kuweka hesabu hizo, utaandika neno "mkopo" mara ishirini. Duka litakuuliza: je, unakopesha?

Kwa programu za mikopo binafsi nchini Kenya, Google Play ilianza kudai mwaka 2023 uthibitisho wa leseni ya Benki Kuu ya Kenya, kufuatia kanuni za watoa mikopo ya kidijitali za 2022. Programu hizo pia haziruhusiwi kugusa majina na namba zilizohifadhiwa kwenye simu wala picha za mtumiaji, na mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya siku 60 au chini ya hapo haukubaliwi. Masharti hayo yana sababu. Watu wengi waliaibishwa kwa kupigiwa simu jamaa na waajiri wao kwa deni la shilingi mia tano, na mimi nafurahi kwamba mlango ule umebanwa.

Ila wewe mwenye daftari la chama unapaswa kusema wazi kwamba pesa hazipiti kwako. Jaza tamko la huduma za kifedha kwa ukweli: programu inaandika kumbukumbu, haitoi mkopo, haiunganishi mkopaji na mkopeshaji. Kisha soma maelezo yako ya dukani kwa jicho la mtu asiyejua chama ni nini. Nimeona programu ya kumbukumbu tupu iliyojitangaza kwa maneno "pata mkopo wa chama haraka". Mwenyewe alimaanisha kuona salio lake. Mkaguzi alisoma alichokiona.

Kama kweli pesa zinapita kwako, hiyo ni kazi nyingine: utahitaji akaunti ya shirika na leseni zinazohusika.

Umelipa dola 25 za kufungua akaunti, kitufe cha kuchapisha hakifunguki

Akaunti ya mtu binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 lazima kwanza ifanye majaribio ya faragha: watu wasiopungua 12, siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa 20, idadi ikapunguzwa Desemba 2024.

Siku zikikataa kusonga, mara nyingi marafiki walipata faili kwa WhatsApp. Hao hawahesabiki. Kila mmoja lazima afungue kiungo cha kujiunga kwa akaunti ile ile ya Google anayoitumia kwenye Play Store. Sababu nyingine ni kwamba walikuwa 12 kamili na mmoja akajitoa. Waalike 18 au 20, na uwachague wenye haja na kitu chenyewe. Kwa daftari langu, wauza samaki sita wa Dunga walinifaa kuliko darasa zima la wanafunzi, kwa sababu mwisho wa siku 14 duka linakuuliza wajaribu walisema nini na ulibadilisha nini. Walioitumia watakuwa wamekupa majibu. Waliolipwa kubonyeza kiungo hawatakuwa na neno.

Akaunti ya shirika haina sharti hili, lakini inadai kampuni iliyosajiliwa na namba ya D-U-N-S, ya kutambulisha kampuni kimataifa, yenye tarakimu 9. Na jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: ukiuza kwa akaunti ya mtu binafsi, anwani yako kamili huonyeshwa hadharani dukani. Dada, kama unaishi peke yako, fikiria hilo kabla ya kuweka bei.

Wateja wa zamani wanaiona, wapya hawaioni

Programu yako imelenga Android ya zamani. Tangu 31 Agosti 2025, programu mpya na masasisho lazima yalenge Android 15, yaani API 35, au mpya zaidi, na kiwango hupandishwa karibu kila mwaka mwishoni mwa Agosti. Programu iliyoachwa nyuma mno hubaki kwa waliokwisha kuipakua, lakini hufichwa kwa wenye simu za Android mpya kuliko ile inayoilenga. Mauzo hushuka taratibu bila kosa lolote kuonekana, ukabaki kuulaumu uchumi.

Kama ni simu za aina fulani tu, hasa zile za bei nafuu, angalia manifesti inadai nini. Maktaba ya kusoma misimbo ya QR inaweza kutangaza kwamba lazima simu iwe na kamera yenye fokasi ya kujiendesha, na simu isiyo nayo haionyeshwi programu kabisa. Tangaza kifaa hicho kuwa si cha lazima. Orodha ya simu zilizotengwa iko wazi kwenye Play Console, katika katalogi ya vifaa.

Na kabla ya yote hayo, hakikisha hukuachilia sasisho kwa asilimia 20 ya watumiaji ukasahau kuendelea. Hii imenikuta mimi mwenyewe.

Mambo madogo yanayokula siku nzima

Faili linakataliwa kupakiwa: namba ya ndani ya toleo haijaongezeka, au jina la kifurushi linaanza na com.example. Jina la kifurushi likishachapishwa halibadiliki kamwe, lifikirie kabla. Umepoteza ufunguo wa kupakia kwa sababu kompyuta iliibwa: programu mpya hutiwa saini na Google yenyewe, kwa hiyo mwenye akaunti anaweza kuomba ufunguo wa kupakia ubadilishwe. Huwezi kuweka bei: uliitoa bure siku ya kwanza, na iliyowahi kuwa ya bure haigeuki kuwa ya kulipia. Uza huduma ndani yake badala yake. Imeshuka kwenye matokeo ya utafutaji: angalia kiwango cha kuzima ghafla. Kikizidi asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku, au kuganda kukizidi asilimia 0.47, duka hupunguza kuionyesha.

Kuhusu njia ya kulipisha, kipimo ni hiki. Samaki anayepelekwa nyumbani, nauli ya boda, fundi wa bomba: tumia M-Pesa, mfumo wa malipo wa duka hauruhusiwi. Daftari, masomo, kufunguliwa kurasa za ziada: tumia mfumo wa duka. Programu inayouza vyote viwili itenganishe.

Umeuza, hujalipwa

Piga hesabu kwanza. Kiwango cha tangu Julai 2021 ni asilimia 15 kwa dola milioni 1 ya kwanza kila mwaka. Ukiuza kwa shilingi 200, kabla ya kodi, unabaki na 170. Ukiona unakatwa 30 kwa mia katika bidhaa za kununuliwa mara moja, hujajiandikisha kwa kiwango hicho. Hakiji chenyewe, kina fomu yake.

Malipo hutoka mara moja kwa mwezi, karibu na tarehe 15, kwa mauzo ya mwezi uliotangulia. Yakitumwa benki kwa benki kutoka nje ya nchi, kiasi cha chini ni dola 100. Dola ikiwa kama shilingi 130, hiyo ni shilingi 13,000, yaani wateja 77 wa shilingi 200. Ukiwa na wateja 40 hakuna kilichoharibika. Pesa zako zinakusanyika, zitatoka zikifika.

Kama umevuka kiasi hicho na pesa zinarudishwa zilikotoka, angalia jina. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye kitambulisho, mawili benki, na kwenye duka tumeweka lile tunaloitwa na marafiki. Mimi malipo yangu ya kwanza yaligonga mwamba mara mbili kwa sababu benki yangu ilikuwa imeliandika jina la baba kwa herufi moja pungufu, tangu siku nilipofungua akaunti nikiwa mwanafunzi. Sikuwa nimewahi kuliona. Nenda tawini na kitambulisho, omba wakuchapishie jina la akaunti kama lilivyo kwenye mfumo wao, pamoja na namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki kimataifa, ambao una herufi 8 au 11. Soma karatasi hiyo ukiwa bado umesimama dirishani, na kama kuna herufi iliyopotea, wairekebishe kabla hujaondoka.